Vidonge Ndani ya Uji wa Siwema

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, palikuwa na mwimbaji wa harusi akiitwa Siwema. Akiimba, bibi harusi analia, mama wa bibi harusi analia, wapishi wanasahau wali unaungua. Lakini Siwema aliwekewa moyoni vali ya chuma, kilango cha kupitisha damu, na daktari wa moyo alimwambia mbele ya mama yake, Bi Mize, "Hivi vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi usiviache hata siku moja. Damu ikiganda, utakufa."

Basi sauti ikaanza kukwaruza. Daktari wa koo akachungulia, akaona kinyama kwenye nyuzi za sauti. Akasema, "Tutakikata. Mpaka siku hiyo usiseme, hata kunong'ona. Na vile vidonge acha, usije ukatoka damu nyingi."

Jamani! Huyu asema usiache, yule asema acha, na wenyewe wawili hawakuulizana!

Nyumbani Siwema akawa bubu wa kuamriwa. Akitaka chumvi, anapiga makofi. Mumewe, Makame, akawa ndiye mdomo wake. Siwema akisalimiwa, Makame anaitikia.

"Shemeji, umeoa mke au umeajiriwa ukalimani?" mashemeji wakamtania.

"Niacheni nifaidi, nyumba imetulia!"

Vidonge Makame akavitia kabatini. "Daktari kasema."

Bi Mize akavitoa, akavisaga, akavikoroga kwenye uji. Kila asubuhi uji, kila asubuhi uji. Siwema akauonja, mchungu. Akamtazama mama. Mama akamtazama. Akanywa.

Siku ya upasuaji daktari wa koo akauliza, "Vidonge umeacha?"

Siwema akainua mkono. Makame akawahi: "Ameacha, daktari! Nimeviondoa kwa mkono wangu."

Mkono ukashuka. Damu haikupimwa.

Mungu wangu! Kisu kiligusa tu, damu ikaja, ikaja, ikajaa kooni, haikomi! Wakachoma kwa moto ili kuizuia, na nyuzi za sauti zikaungua humo humo. Siwema alipona. Sauti haikupona. Leo akimwita mwanawe inatoka pumzi tupu, na mtoto hageuki, anaendelea kucheza.

Bi Mize akakiri habari ya uji, na pale kwenye baraza ya hospitali pakachafuka.

"Mama, umemnyamazisha mke wangu!"

"Nimekuachia mke hai, Makame! Ungependa umzike na hiyo sauti yake?"

"Ungeniambia!"

"Nikwambie wewe, unayejibu kabla hujaulizwa?"

Daktari wa koo akasema, "Mimi niliambiwa ameacha."

Bi Mize akamgeukia. "Na wewe, baba, kwa nini hukumwuliza mwenzio wa moyo? Kwa nini hukupima? Ulitosheka na neno la mume, na mgonjwa kalala mbele yako anakutazama!"

"Mgonjwa mwenyewe alijua, mama. Hata kutikisa kichwa alishindwa?"

Wakageuka wote kumtazama Siwema kitandani kupitia mlango ulio wazi. Akaweka kiganja kifuani, akajielekezea kidole mwenyewe. Kisha akamwelekezea mama. Kisha mume. Kisha daktari. Kisha akafumba macho, machozi yakashuka pembeni mpaka masikioni.

Haya, wenzangu, msinitazame mimi, mie nimeliwaza hili mpaka kichwa kinaniuma. Mama aliogopa kifo, mume aliogopa damu, daktari aliamini, na Siwema alinywa akijua.

Je, nani aliyeizima sauti ya Siwema?