Ombi la Pili la Tumpe

Hii nimetumiwa, nami sitaki kukaa nayo peke yangu. Isome mpaka mwisho, kisha mpelekee yule ndugu yako anayehangaika na makaratasi ya safari.

Huko Tukuyu aliishi mama mmoja fundi cherehani, jina lake Tumpe. Mdogo wake, Subilaga, alikuwa muuguzi ng'ambo, akiishi huko na mwanawe wa pekee, Gwamaka, kijana wa miaka kumi na tisa. Mwaka huo figo zote mbili za Gwamaka zikagoma. Mama yake akajitolea kumpa moja, madaktari wakamkatalia kwa sababu ya presha. Tumpe akapimwa hospitali ya rufaa, majibu yakaja kwamba yeye anafaa.

Upasuaji ukapangwa tarehe ishirini Juni. Tumpe akaomba viza, na miadi ya mahojiano ikatoka: Novemba!

"Novemba?" Tumpe aliruka. "Nikamwone kaburini?"

Ambakisye, mwenye duka la steshenari aliyekuwa akimjazia fomu, akamtuliza. "Taratibu, dada. Kuna ombi la dharura. Ukiwa na sababu nzito, ubalozi unakusogezea tarehe. Ila wanasema unaruhusiwa kuomba mara mbili tu. Haya, niambie sababu."

"Andika: mwanangu anafanyiwa upasuaji, na mimi ndiye ninayempa figo."

Ambakisye akaandika vilevile, kwa lugha ya wenyewe, akaambatisha, bila kuisoma, barua ya hospitali aliyoituma Subilaga kutoka ng'ambo, akatuma.

Baada ya siku mbili jibu likaja. Ombi limekataliwa. "Kwenye fomu umesema una watoto wawili na wote wanaishi Tanzania. Kwenye ombi unasema mtoto wako amelazwa huku kwetu. Maelezo yako yanapingana."

Tumpe akashika kichwa. Jamani! Mtoto wa mdogo wake angemwitaje? Alimlea mpaka darasa la pili, Subilaga akiwa chuo cha uuguzi. Tangu azaliwe amemwita mwanangu, na Tukuyu nzima hakuna aliyewahi kumuuliza ni wa tumbo lipi.

Ambakisye akashusha sauti. "Dada, limebaki ombi moja, tusicheze nalo. Ukisema wewe ni mama mkubwa, watakuona ndugu wa mbali. Kwao mama mkubwa na shangazi ni neno moja."

"Shangazi? Mimi?" Tumpe alikasirika kweli. "Mimi na baba yake mtoto tumezaliwa wapi pamoja?"

"Ndiyo maana nakwambia. Kuna mtu Mbeya anatengeneza vyeti vya kuzaliwa. Tunaandika Gwamaka ni wako, tunarekebisha fomu, watoto wanakuwa watatu. Kesho kutwa una cheti mkononi."

Tumpe akahesabu siku kwa vidole. Nisikudanganye, msomaji wangu, alitamani. Siku zilibaki kumi na tatu, na kijana alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara tatu kila wiki, amebaki mifupa. Nani kati yetu asingetamani?

Lakini mama yule alikuwa na msimamo. "Hapana," akasema. "Wakigundua uongo, watanirudisha na figo yangu, na mtoto afe. Leo nasema mwenyewe. Wewe andika ninavyosema, usipunguze hata neno."

Akavuta kiti, akaanza. "Gwamaka sikumzaa. Amezaliwa na mdogo wangu, Subilaga. Kwetu mtoto wa mdogo wangu namwita mwanangu, ndiyo maana niliandika hivyo, sikukusudia kumdanganya mtu. Ninyi mna jina lenu, liandikeni hilo. Niiteni hata shangazi. Upasuaji ni tarehe ishirini na figo ninayo mimi. Naomba niitwe kabla ya hapo."

"Mbona ndefu, dada?"

"Itume."

Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Tumpe alikaa kwenye cherehani yake akishona na kufumua sketi ileile. Siku ya tatu Ambakisye akaja mbio na karatasi mkononi: mahojiano ni Jumatatu asubuhi. Jioni hiyohiyo Tumpe alikuwa stendi anatafuta basi la Dar es Salaam.

Ubalozini, dirishani, alimkuta ofisa binti mdogo, anayesema Kiswahili cha kujifunzia ukubwani.

"Una watoto wangapi?"

"Niliowazaa ni wawili."

"Na Gwamaka?"

"Wa mdogo wangu."

Binti akageuza karatasi. "Barua ya hospitali umeisoma?"

"Imeandikwa kwa lugha yenu. Mimi najua Kiswahili na Kinyakyusa."

"Basi sikiliza. Inasema mama mzazi alipimwa akakataliwa kwa presha, na mtoaji wa figo ni dada mkubwa wa mama huyo. Hatukukukatalia kwa kuwa si mama. Dada wa mama anatosha kabisa. Tulikataa kwa sababu karatasi mbili zilisema mambo mawili. Ungeniletea cheti kwamba ulimzaa wewe, mtoto angekuwa na mama wawili hapa mezani, na ningekufungia mlango kwa miaka mingi."

 Kumbe hakuna aliyemtaka Tumpe awe mzazi! Alikuwa karibu kughushi kitu ambacho hakuna aliyekiomba.

"Lakini mama wawili anao kweli, mwanangu," akasema.

Binti akainua macho. "Mwanangu? Na mimi sasa niingie kwenye fomu?"

Wakacheka wote wawili, na viza ikatoka.

Tarehe ishirini upasuaji ukafanyika. Kesho yake simu ya Ambakisye ikalia dukani. Alikuwa Subilaga, analia na kucheka kwa pamoja.

"Kaka, amekojoa!"

"Nani?"

"Gwamaka! Miezi mitano hajatoa hata tone, leo mfuko wa mkojo umejaa! Na dada Tumpe ameamka, anaomba uji!"

Ambakisye, mtu mzima na miwani yake, akatoka mbio mpaka katikati ya barabara, akapaza sauti: "Amekojoa! Jamani, Gwamaka amekojoa!" Wauza ndizi wakamtazama kama amerukwa na akili. Walipoelezwa kwamba figo mpya imeanza kazi, wakapiga vigelegele.

Funzo: Kabla hujatafuta uongo wa kukufungulia mlango, sema kwanza ukweli wako wote, hata kama ni mrefu na unahitaji maelezo, huenda huo ndio pekee waliokuwa wakisubiri uuseme.