Hoja za Wening na Sindano ya Mama

Kuna watu wakishafundishwa kubishana, hawajui tena kuzungumza. Wening wa mji wa Solo, Indonesia, alikuwa mmoja wao. Chuoni alisomea ubishi wa mitandaoni: jinsi watu wanavyopindisha hoja, wanavyotisha na wanavyojiliza ili waaminiwe. Alama zake zilikuwa za juu, na kichwa chake kilikuwa juu zaidi.

Ikawa mjomba wake mkubwa, au Pakde Tarjo kama walivyomwita kwa Kijava, ametuma ujumbe katika kundi la WhatsApp la ukoo: maji ya majani ya mstafeli yanaponya kisukari, daktari bingwa amethibitisha, sindano ni biashara tu. Mama yake Wening, mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, alimheshimu kaka yake kuliko daktari yeyote. Akaacha sindano, akaanza kuchemsha majani.

Wening alipandwa na mori. Akajibu palepale kundini, mbele ya shangazi, binamu na wakwe: "Pakde, hoja yako ni mbovu. Unatisha watu, ushahidi huna, na daktari unayemtaja hayupo duniani."

Binamu zake wakammwagia vidole gumba.  Pakde Tarjo akajiondoa kundini.

Mkubwa wa ukoo kujiondoa si jambo dogo. Simu hazikupoa siku nzima.

"Umemvua nguo kaka yangu hadharani," mama alisema, huku akimimina majani yake kikombeni.

"Lakini mama, nimemshinda kwa hoja."

"Haya, umeshinda. Sasa mimi nikichoma hiyo sindano, si itaonekana nilikutuma umtukane? Siigusi."

Wening akamrudishia hoja zote, moja baada ya nyingine, kama anamfundisha mtoto hesabu. Mama akanywa majani. Kidonda alichokuwa nacho mguuni kikazidi kuchimbika, macho yakaanza kuona ukungu, na binti msomi akabaki na ushindi wake mkononi asijue aupeleke wapi.

Mwisho akameza kiburi. Akakaanga ndizi, akaenda kwa mjomba, akaubusu mkono wake.

"Umekuja kunisahihishia nini tena?" mzee akauliza.

"Nimekuja kuomba radhi, Pakde. Mama hamsikilizi mtu ila wewe. Kidonda hakikauki, na sasa haoni vizuri. Nisaidie."

Mzee akaacha kutafuna. "Haoni? Mbona sikuambiwa?"

"Ulikuwa umejitoa kundini, Pakde."

Jioni ile akarudishwa kundini, akaandika: "Mdogo wangu, choma sindano leo hii. Majani ni ya kusindikizia tu, nilisema tangu mwanzo."

Hakusema hivyo hata siku moja. Ujumbe wake wa kwanza Wening alikuwa nao, na kidole kilimwasha kuutuma ukoo mzima uusome. Hapo akamsikia mama akifungua jokofu na kuitoa dawa. Akaandika: "Asante, Pakde. Bila wewe tungepotea."

Inauma, tena inaudhi, lakini ndivyo ilivyo: maneno mazuri humtoa nyoka pangoni.