Shamba la Afande Lukosi

Palitokea msomi mmoja, Tusekile, aliyezijua siasa za dunia nzima ila jembe hakujua linashikwa wapi. Sheria ilimtaka alitumikie taifa mwaka mzima, na kila mwezi athibitishwe na Kanali wa kikosi kuwa amefanya kazi ya umma. Asipothibitishwa, mwaka unaanza upya. Msimamizi wake, Afande Lukosi, akampeleka kulima shamba lake mwenyewe.

"Afande, Kanali akija kukagua, nimwambie shamba la nani?"

"La akina mama wa kijiji! Msomi mzima, chuoni mlifundishwa nini?"

"Hayo hayo, Afande, ila si kwa ufasaha huo. Lakini mimi nikidanganya natetemeka. Ungemwambia mwenyewe."

"Nitamwambia. Wewe nyoosha matuta, yanafanana na nyoka aliyelewa."

Mwisho wa mwezi Kanali akaja. Afande akapiga saluti, akatangaza kwa sauti iliyofika hadi barabarani, "Shamba la akina mama wa kijiji, mkuu!"

Huko barabarani vikapaa vigelegele. Akina mama wakaingia na mbegu za maharage kwenye pindo za kanga, wakaanza kupanda huku wakimwombea Afande maisha marefu. Kanali akampa Afande mkono wa pongezi, akamthibitisha Tusekile palepale, pamoja na matuta yake ya kilevi. Afande akatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

"Nani amewaita hawa?" akanong'ona.

"Mimi, Afande," akajibu Tusekile. "Niliona vibaya wenye shamba wasijue kuwa wanalo."