Uji wa Pilipili wa Sultani Kondo

Palikuwa na sultani mmoja, Mwinyi Kondo wa Mtangani, aliyetafuna pilipili kichaa kama wenziwe watafunavyo tende. Siku moja aliwaita wanazuoni wa mji wake, akawauliza: mtu mwema humtendea vipi mwenziwe?

Rabi Elazari akajibu, "Linalokuchukiza wewe, usimtendee jirani."

Padri Anania akasema, "Upendalo kutendewa, watendee wengine."

Shehe Badru akamalizia, "Mpendelee nduguyo unachojipendelea nafsi yako."

"Kumbe rahisi hivyo!" Sultani akapiga paja. "Mimi napenda pilipili!"

Kulipokucha, mbiu ikalia: kila kinywa kinywe uji wa pilipili asubuhi, kwa amri na kwa mapenzi ya Sultani. Atakayekataa, gerezani. Basi mji ukawa kilio mtindo mmoja. Muadhini aliadhini kwa kwikwi. Bwana harusi alilia kuliko bibi harusi, watu wakadhani kaozwa kwa nguvu.

Mize, mshona makuti, maskini wa kila kitu isipokuwa maneno, alivumilia. Mpaka asubuhi moja akamkuta mamaye, kikongwe asiye na jino hata la dawa, ameutoa ulimi nje anaupepea kwa kawa. Uchungu ukamshika. Akabeba chungu cha uji, akaenda kukimwaga mlangoni pa kasri. Akakamatwa papo hapo.

Barazani alisukumwa mbele ya Sultani na wale wanazuoni watatu. Ulimi haukuhitaji kusukumwa.

"Umemwaga mapenzi yangu!" Sultani akanguruma.

"Nimeyamwaga, Maulana. Yalikuwa yakinitokea puani."

"Wanazuoni watatu wameafiki!"

Mize akawatazama. Rabi alitaka kusema, kwikwi ikamkata. Padri alikuwa akifuta machozi kwa upindo wa kanzu. Shehe midomo ilimvimba kama maandazi.

"Naona walivyoafiki," Mize akasema. "Hebu nifahamishe mimi mjinga. Nipendalo kutendewa, ndilo nikutendee?"

"Ndilo hasa!"

"Hata kama wewe hulipendi?"

"Kwani mimi niliwauliza nyinyi kama mnapenda pilipili?"

"Hukuuliza, Maulana."

"Basi! Ukilipenda wewe, yatosha. Hiyo ndiyo dini."

"Na ukiudhika je, hutanifunga?"

"Nimfunge mtu kwa kushika dini? Naapa mbele ya hawa watatu!"

Wale watatu wakatikisa vichwa upesi upesi kukubali ushahidi. Hata kwikwi ya Rabi ilikoma.

Mize akajifunga kibwebwe. Akapanda ngazi za kiti cha enzi, akapangusa kiganja chake taratibu kwenye kanga.

"Mimi, Maulana, nikipayuka mbele za watu, hupenda mno atokee mtu anizabe kofi nizinduke. Lete shavu. La pili atakuelekeza Padri."