Pimbi na Mzinga Uliofungwa

Paukwa.

"Pakawa."

Pakawa nini?

"Pakawa mzinga."

Mna nini ndani?

"Hatujui, haujafunguliwa."

Basi sogeeni motoni tuutafutie bei. Siwema, wewe kaa hapa mbele. Nasikia kuna tajiri anakuja Ijumaa kununua kiwanda chako cha sabuni, nawe hujui umtajie ngapi. Ngano hii ni yako, hawa wengine wanaazima tu.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakisemezana, aliishi Pimbi, mjane mwenye watoto watatu, juu ya kilima cha mawe. Mali yake ilikuwa mzinga mmoja, wa mwaka mmoja tu, aliouchonga mwenyewe. Mwaka ule mvua ilichelewa. Watoto wakalala na njaa siku ya kwanza, wakalala na njaa siku ya pili, na siku ya tatu akaja Nyegere, aliyependa asali kuliko mama yake mzazi.

"Mama watoto, niuzie mzinga. Nakupa pishi tatu za mtama."

"Mbona kidogo?"

"Umewahi kuuona sokoni? Hujauona. Kama hauna bei sokoni, bei ni ile ninayotaja mimi mwenye mtama. Nakupa siku tatu."

Na kilimani kulikuwa na mila: mzinga haufunguliwi mpaka mgunga utoe maua. Hata mwenyewe hachungulii. Mnunuzi hutega sikio tu, basi. Msiniulize kwa nini Nyegere hakuuvunja. Aliwahi kuvunja mmoja, nyuki wakamuuma mahali ambapo sipataji mbele ya wakwe. Pimbi ndiye aliyejua kuwatuliza kwa moshi.

Pimbi akawaza: nikiuza rahisi, watoto watakula sasa na kufa njaa mwakani. Nikitaja kubwa, Nyegere ataondoka na watakufa njaa sasa. Akajifunga kibwebwe.

"Siuzi nisichokijua. Nitajifunza."

Akaenda kwa Mchwa. "Mchwa, Mchwa, mzinga wangu umefungwa. Nifundishe nijue thamani yake."

"Hesabu vitu," akasema Mchwa. "Gogo, kamba, gome la kufunikia. Kutengeneza mwingine leo utatoa nini?"

"Pishi mbili."

"Basi thamani ni hiyo."

Pimbi akafurahi. Kitu cha mbili anauza tatu, faida hiyo! Akatoka mbio kumwita Nyegere. Alipopita chini ya mzinga akasikia: vuuuu. Miguu ikagoma. "Mchwa kahesabu gogo. Hawa nyuki kawahesabu wapi?" Akaona haya, akarudi. Mimi simcheki. Niliwahi kuuza mgahawa wangu kwa bei ya masufuria.

Siku ya pili akaenda kwa Kunguru, anayejua nani kamuuzia nani. "Kunguru, Kunguru, mzinga wangu umefungwa. Nifundishe nijue thamani yake."

"Kware aliuza wake kwa pishi kumi," akasema Kunguru. "Lakini wake ulikuwa mtoni, maua hayakauki. Wako uko kwenye mawe matupu. Kata nusu, iwe tano."

"Na Kware anaishije sasa?"

"Anaomba asali kwa majirani."

"Basi hata yeye hakujua alichouza. Ahsante, kaka, lakini sijamaliza."

Siku ya tatu akaenda kwa Kobe, bibi mwenye maneno makali. "Bibi Kobe, Bibi Kobe, mzinga wangu umefungwa. Nifundishe nijue thamani yake."

"Mwaka jana ulikupa nini?"

"Asali niliyobadilisha kwa pishi sita za mtama."

"Na gogo litaoza lini?"

"Baada ya misimu mitatu."

Kobe akapanga kokoto mafungu matatu, sita sita. Fungu la kwanza akaliacha. La pili akatoa mbili. La tatu akatoa nne.

"Bibi, mbona unaninyang'anya?"

"Mimi? Ukame unakunyang'anya. Siafu wanakunyang'anya. Moto unakunyang'anya. Msimu ukiwa mbali, hatari ni nyingi. Hesabu zilizobaki."

Zilikuwa kumi na mbili.

"Na akiuchukua Nyegere?"

Kobe akayasukuma mafungu mawili pembeni. "Yule, ukishamtulizia nyuki, atavunja na kula siku moja. Kwake ni sita, basi."

Pimbi akazitazama zile kokoto mpaka akaelewa. Mzinga ni uleule, ila mikono si sawa.

Jua lilipokuwa likishuka, Nyegere akafika na mtama begani. "Umekubali?"

"Mzinga mzima siuzi. Kwako una pishi sita, kwangu una kumi na mbili. Nakuuzia robo. Kila msimu tukigawa asali mafungu manne, moja ni lako. Mzinga huugusi."

"Hiyo robo kiasi gani?"

"Pishi tatu."

Nyegere akacheka. "Si ndizo nilizotoa kwa mzinga mzima?"

"Ndizo hizo." Akampangia kokoto, moja moja.

Nyegere akaenda hatua kumi, akarudi. "Nusu."

"Robo."

Akaenda hatua ishirini, akarudi. "Theluthi."

"Robo."

Akaenda hatua thelathini. Watoto walikuwa wanalia ndani na moyo wa Pimbi ulimuuma sana, lakini hakumwita. Nyegere akasimama chini ya mzinga, akatega sikio: vuuuu. Akatua gunia.

"Robo," akasema.

Usiku ule watoto wakalala wameshiba. Mgunga ulipotoa maua mzinga ukafunguliwa, na Nyegere akapata fungu lake bila kuumwa hata na nyuki mmoja.

Siwema, umesikia. Kesho hesabu masufuria yako, uliza wenzako waliuza ngapi, kisha panga kokoto za miaka ijayo uzipunguze bila kujihurumia. Halafu tazama mkono unaopokea. Tajiri akianza kuhesabu hatua, wewe kaa kimya.

Ngano yangu naifunika hapa. Iliyokolea chukueni, isiyokolea niachieni mimi. Ila somo hili lina ada, Siwema: mche mmoja wa sabuni.

"Robo, bibi."

Haya. Huyu kajifunza.