Inzi wa Nyoya

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na ziwa!

— Lijae tuvue!

Nyie wa nyuma itikieni vizuri, nisije nikaifunga hadithi nikaenda kulala.

Basi, palikuwa na kijiziwa, na ndani yake Mamba. Mlafi huyo, tumbo lake halijui kutosheka. Akatoa sheria: atakayetia mguu majini, mguu ni wa Mamba. Chambo kikigusa maji ni cha Mamba. Na kinachokula chambo ni mali ya mwenye chambo. Ukitupa nyungunyungu, samaki akala, Mamba huyo, kap, kamchukua.

Mama Nguchiro alikuwa na watoto waliokonda mpaka mbavu zinahesabika. Akakaa ukingoni, roho inamuuma. Akaona samaki wanaruka kudaka inzi. Akaokota nyoya la kanga, akalifunga kwa uzi kwenye ndoana, akalipuliza likasimama. Likawa inzi.

Akampelekea Mamba, akamwamkia kwa adabu, akamuuliza kama kile nacho, kikigusa maji, ni chambo chake.

Mamba akanusa. "Nyoya hili. Takataka hizi si zangu, ni zako mwenyewe."

"Nimesikia, Bwana Mkubwa."

Akafunga mshipi mrefu kwenye ufito wa mwanzi, akasimama pakavu. Swiii nyuma, swiii mbele, inzi akatua majini, tii. Samaki chubwi! Huyo nje. Swiii nyuma, swiii mbele, tii. Chubwi! Huyo nje. Watoto wakala mpaka wakacheua.

Mamba anatazama, mate yanamtoka. Kumbe takataka ni tamu? Swiii nyuma, swiii mbele, tii.

Kap!

Ndoana ikamnasa ufizini. Nguchiro akauzungusha mshipi kwenye kisiki, akaketi. Mamba akivuta, inauma. Asipovuta, inauma. Akalia afunguliwe.

"Kinachokula chambo ni mali ya nani, Bwana Mkubwa?"

"Ya mwenye chambo," akasema Mamba, mdomo umevimba.

"Na chambo hiki cha nani?"

"Chako."

"Basi wewe mali yangu, hama ziwani."

Mamba akaapa kuhama, mbele ya wanyama wote, ndipo akatolewa ndoana. Akajikokota kwenda mtoni huku vigelegele vinamsindikiza. Jioni ile kila nyumba ilinukia samaki.

Funzo, watoto wangu: mjanja hafiki mbali. Na kweli Nguchiro hajafika mbali. Yupo pale pale ziwani, anakula samaki.

Hadithi imekauka!

— Ziwa limejaa!