Nabii wa Uongo na Mvua ya Kweli

Tumepokea kutoka kwa waliotutangulia, na ajuaye hasa ni Mwenyezi Mungu, kwamba katika zama za Wana wa Israili, kwenye mji mmoja wa milimani, palikuwa na mjane mcha Mungu aitwaye Tirza. Alikuwa na binti wawili wadogo na shamba moja la shayiri. Mwaka huo ulikuwa wa saba, na mwaka wa saba, kwa sheria waliyopewa, ardhi hupumzishwa. Hakuna kulima, hakuna kupanda, hakuna kuweka ua. Kinachoota chenyewe ni cha kila mtu: maskini, mgeni, hata mnyama wa mwituni. Sheria nzuri sana, ukiwa umeshiba. Lakini mavuno ya mwaka wa sita yalikuwa haba, na hofu ikawaingia watu.

Ndipo akasimama kwenye lango la mji, mahali walipoketi wazee kuamua mambo, mtu mmoja aitwaye Elidadi, kajifunika joho la manyoya kama walivyovaa manabii. Akatangaza kwamba Mola amemteremshia neno: amri ya mwaka wa saba imeondolewa mwaka huu, watu wapande, wale. Wazee wakamtaka ishara. Akasema itanyesha mvua kabla ya mwezi kuandama. Na kilikuwa kiangazi, ndugu zangu, kiangazi cha nchi ile, ambacho hata wingu ni habari. Wazee wakacheka, wakaenda zao.

Basi mvua ikanyesha. Wala si manyunyu; ilinyesha mpaka visima vikajaa na mbuzi wakakimbilia ndani.

Wewe unayetikisa kichwa hapo nyuma, tulia kwanza. Ungekuwepo, ungepanda. Mji mzima ulipanda. Walitoa majembe, wakazungushia mashamba yao ua wa miiba, na Elidadi akawa akipita watu wanainuka.

Tirza peke yake alibaki amesimama na kapu la mbegu, hajui pa kuanzia. Alikuwa na nafaka ya kumfikisha mwisho wa mwaka kwa kubana sana. Asipopanda, na kama kweli amri imeondolewa, atakuwa amewatia wanawe njaa kwa ukaidi wake mwenyewe. Akipanda, na kama haikuondolewa, atakuwa amemwasi Mola wake kwa sababu ya tumbo. Akaenda kwa wazee. Wakamwambia kwamba nabii wa uongo ni yule ambaye neno lake halitimii, na la huyu limetimia, sasa anataka nini tena? Akarudi nyumbani kichwa kinamuuma. Mungu yule yule alisema msipande, na mvua ya Mungu yule yule inasema pandeni. Alilia, maskini, kwa kutoelewa tu.

Mwisho akaona heri amwendee mwenyewe. Akamkuta Elidadi mchana kweupe amejifungia chumbani, joho kalitupa chini.

"Nakuapisha kwa Mola wetu," Tirza akamwambia, "ulisikia nini hasa?"

Elidadi akalisukuma joho kwa mguu. "Sikusikia kitu, dada yangu. Niliona watu wana hofu, nikapenda wanisikilize. Ile mvua niliitunga. Nilijua haitanyesha, nami ningesema dhambi zenu zimeizuia. Sasa imenyesha, na mimi sijielewi. Kila wazo linalonijia nauliza, je, hili ni langu au ni Lake?"

"Wewe unachanganyikiwa, na mimi je? Nina watoto. Nipande au nisipande?"

"Usipande."

"Na hilo nalo umeteremshiwa?"

"Hapana," akasema Elidadi. "Hilo ni sheria. Ilikuwepo kabla yangu."

Siku ile ile Elidadi akaenda langoni akakiri mbele ya watu kwamba alisema uongo. Unadhani walimshukuru? Kwanza walisema ni unyenyekevu wa manabii. Aliposhikilia, wakakasirika. Sheria yao ilikuwa kwamba nabii wa uongo auawe, na hapo wakaanza kubishana. Mmoja akasema auawe, amekiri mwenyewe. Mwingine akauliza, auawe kwa uongo gani, na mvua imenyesha? Wa tatu akasema basi uongo ni huu wa leo. Walipochoka kubishana wakamfukuza, asionekane tena mjini.

Sasa mnangoja nzige wa adhabu. Hata mimi nilipokisikia kisa hiki kwa mwalimu wangu niliwangoja, na niliudhika hawakuja. Mvua za msimu zilinyesha kwa wakati wake, shayiri ya watu ikakomaa vizuri, wakavuna. Shambani kwa Tirza, ambaye hakupanda, kiliota kilichoota chenyewe: mashuke membamba ya mbegu zilizodondoka mwaka uliopita, dengu kidogo, mboga za mwitu. Binti zake walikula kidogo wakalala. Majirani walimcheka waziwazi, naye hakuona ishara yoyote. Alisubiri tu.

Elidadi alizunguka mashambani na njaa yake. Kila ua alioufikia, mwenye shamba alimfukuza kwa fimbo, akimwambia hiki nimekipanda mwenyewe. Akafika penye shamba lisilo na ua. Alimwona Tirza akiokota mashuke, akasimama pembeni kwa haya, asithubutu kutia mguu, akamwomba ruhusa.

Tirza akamtazama, akasema, "Mwaka huu siyo mimi wa kukupa ruhusa. Ingia, ule."

Akaingia, akainama, akala huku analia.

Enyi waja wa Mungu, tulitaka hukumu ishuke kwa moto. Ilishuka kwa mvua, na mtu aliyewafundisha watu kufunga mashamba akaja kuishi kwa shamba moja lililobaki wazi. Na wale waliovuna wakajaza maghala, wao walihukumiwa lini? Sijui. Naogopa kwamba hukumu yao ilikuwa kuambiwa ukweli na kuukataa. Mola asituache na ishara tunazozipenda tukaiacha amri tunayoijua.